Muhtar Kent au Indra Nooyi: nani wa kuiga ukiwa kwenye biashara ya vinywaji

Kwa karibu miaka tisa, Julai 2008 hadi Mei 2017, Coca-Cola na PepsiCo ziliongozwa kwa wakati mmoja na watu wawili waliopanda kwa ngazi tofauti kabisa. Muhtar Kent wa Coca-Cola alianzia kwenye lori la soda. Indra Nooyi alipitia kampuni ya ushauri wa biashara, kisha viwanda vya vifaa vya umeme, na alipoingia PepsiCo mwaka 1994 alipewa moja kwa moja cheo cha makamu mwandamizi wa rais, kazi yake ikiwa kupanga mikakati.

Ulinganisho huu ni wa mtu aliye katikati ya ngazi: meneja wa mauzo wa kanda anayejiuliza kama aombe uhamisho makao makuu, mhasibu anayefikiria kushuka mtaani mwaka mmoja, au mwenye kiwanda cha maji na juisi anayetafuta mtendaji wa kumwachia funguo. Kubishania nani kati yao alikuwa bora ni kazi ya barazani. Cha kuangalia ni kampuni yako inamiliki nini na inaumwa wapi, kwa sababu Kent na Nooyi walikuwa waganga wa magonjwa mawili tofauti.

Kampuni mbili, biashara mbili

Coca-Cola yenyewe, ile ya Atlanta, kwa sehemu kubwa haiuzi soda. Inauza kiini, yaani kile kimiminika kizito kinachobeba ladha, halafu inalipia matangazo. Maji, sukari, gesi, chupa, kreti, malori na mishahara ya madereva ni mzigo wa mjazaji mwenye leseni ya eneo. Anayekunywa Coca-Cola Dar es Salaam anakunywa kazi ya Coca-Cola Kwanza. Wa Moshi, kazi ya Bonite. Wa Mwanza, kazi ya Nyanza Bottling. Kampuni mama na mjazaji ni ndugu wa kutegeana: mama anapata kadiri kiini kinavyotoka kwa wingi, mjazaji anapata kwa faida inayobaki kwenye kila kreti. Mama akipandisha bei ya kiini, mjazaji analia. Mjazaji akipandisha bei ya chupa dukani, ujazo, yaani wingi wa soda inayouzwa, unashuka na mama analia. Mkuu wa kampuni ya namna hii hana amri juu ya watu wengi wanaomletea fedha. Kazi yake ni ushawishi.

PepsiCo nayo ina wajazaji (Tanzania ni SBC), lakini ndani ya nyumba yake kuna pia Frito-Lay yenye krispi za Lay's na Doritos, na Quaker ya shayiri. Mwaka 2017 chakula kilileta asilimia 53 ya mapato na vinywaji 47. Mkuu wa nyumba hiyo kila mwaka anaamua jiko lipi lipewe kuni. Ni kazi ya mtaji na hesabu kabla haijawa kazi ya kreti.

| | Kent (Coca-Cola) | Nooyi (PepsiCo) |
|---|---|---|
| Kuzaliwa | New York, 1952, mtoto wa mwanadiplomasia wa Uturuki | Madras, 1955 |
| Masomo | Uchumi, Hull, MBA, London | Sayansi, Madras, biashara, Calcutta, Yale |
| Kuingia kampuni | 1978 | 1994 |
| Kuwa mtendaji mkuu | Julai 2008, miaka 55 | Oktoba 2006, miaka 50 |
| Kukabidhi | Mei 2017 | Oktoba 2018 |

Jedwali linaweza kudanganya mahali pamoja. Kent alichukua miaka 30 ndani na nje ya kampuni, Nooyi 12 tu, kwa hiyo mtu anaweza kusema njia ya mikakati ni ya mkato. Lakini Nooyi alimaliza chuo Calcutta mwaka 1976 na kuanza kazi India, kwenye nguo kisha Johnson & Johnson, kabla hajaenda Yale mwaka 1978. Ukihesabu toka hapo, naye alitumia miaka 30. Tofauti ni kwamba yeye alijifunzia nje.

Njia ya lori

Kent aliona tangazo la kazi gazetini, akaajiriwa, na miezi yake ya mwanzo akaizungukia Marekani juu ya malori ya soda akijifunza kuuza, kupakia na kupanga bidhaa dukani. Wanaoijua kazi hiyo wanajua inafundisha nini. Kwanza, chupa ya kioo ni mali, na kreti tupu isiyorudi ni hasara hata kama soda iliuzwa. Pili, friji lililowekwa nyuma ya kaunta haliuzi kama lililo mlangoni, na mwenye duka asipokaguliwa atajazia maziwa na samaki. Tatu, muuza duka anayechukua mali kauli kila wiki na kulipa nusu anakula mtaji wako polepole, na ripoti ya mauzo haitakuonyesha kwa sababu kwenye karatasi mzigo umetoka. Aliyekaa ofisini huona ujazo umepanda akapiga makofi.

Mwaka 1985 alipewa Uturuki na Asia ya Kati, akahamisha makao kutoka Izmir kwenda Istanbul. Mwaka 1989, ukuta wa Berlin ukiwa unaanguka, alipewa nchi 23 za Ulaya ya Mashariki na jirani zake akiwa Vienna. Kwenye nchi hizo viwanda, malori na mawakala vilitakiwa karibu vyote kuanza upya, kwa hiyo aliyejua ruti alikuwa na thamani kuliko aliyejua kuandika mkakati. Mwaka 1995 akahamia upande wa pili wa meza: mkuu wa shughuli za Ulaya za Coca-Cola Amatil, mjazaji wa Australia. Kisha kuanzia 1999 hadi 2005 akaongoza kundi la vinywaji la Efes la Uturuki, lenye bia na pia ujazaji wa Coca-Cola.

Hapa ndipo ilipo nguvu yake, na watu huiruka. Miaka kumi hivi ya kukaa kwa mjazaji ilimfundisha bei ya kiini inavyouma ikitoka upande wa pili. Aliporudi Coca-Cola 2005 hakuna mjazaji aliyeweza kumwambia hajui shida zao.

Njia hii ina shimo lake pia. Mwaka 1996, hisa 100,000 za Amatil ziliuzwa kwa niaba yake saa chache kabla kampuni haijatangaza kwamba faida itashuka. Mamlaka ya Australia ilichunguza. Yeye alieleza kuwa mshauri wake wa fedha aliuza bila yeye kujua, na faida ikarudishwa. Fundisho la kikazi ni dogo na la lazima: ukishaanza kuona hesabu kabla ya umma, mpe mshauri wako orodha ya maandishi ya hisa asizogusa, na kwanza iwe ya kampuni unayofanyia kazi, ya pili ya wajazaji na wabia wake.

Njia ya hesabu

Nooyi alikaa Boston Consulting Group kuanzia 1980 hadi 1986, akaenda Motorola, kisha Asea Brown Boveri mwaka 1990. Ushauri humfundisha mtu kuikata kampuni vipande na kuuliza kila kipande kinaleta nini juu ya mtaji uliofungwa humo. Alifika PepsiCo na kisu hicho mkononi.

Angalia mpangilio. Mwaka 1997 migahawa ya KFC, Pizza Hut na Taco Bell ilitengwa ikawa kampuni yake. Sababu ilikuwa ya wazi: migahawa hunyonya mtaji wa majengo, na kila mgahawa mwingine uliogopa kuuza Pepsi kwa kuwa ungemlisha mshindani. Mwaka 1998 ikanunuliwa Tropicana, kampuni ya juisi, kwa dola bilioni 3.3. Mwaka 1999 kitengo cha ujazaji kikauzwa kwa umma kupitia soko la hisa. Mwaka 2001 ikaja Quaker kwa takriban dola bilioni 13, na kilichotafutwa hasa humo ni Gatorade, kinywaji cha wanamichezo, siyo uji. Yote haya alikuwa mpangaji au mkuu wa fedha, bado hajawa mtendaji mkuu. Bodi ilipomchagua 2006 haikuwa ikikisia. Ilishaona maamuzi manne makubwa na matokeo yake.

Anayetaka njia hii ajue haianzi kwa kuomba cheo cha mikakati. Inaanza kwa kuwa na kitu kimoja kilichokatwa, kununuliwa au kufungwa ambacho hesabu yake uliiandika wewe na jina lako likabaki pale matokeo yalipokuja.

Mwaka 2010: dawa moja, wagonjwa wawili

Hapa ndipo ulinganisho unapokolea, kwa sababu wote wawili walifanya jambo lile lile katika mwaka mmoja. Soda ya kawaida Marekani ilikuwa inashuka ujazo toka 2005, na wajazaji wakubwa waliojengwa kwa ajili ya soda walikwama: malori, mashine na mikataba yao havikubeba vizuri maji, chai na vinywaji vya michezo vilivyokuwa vinakua. Februari 2010 PepsiCo ilikamilisha kununua wajazaji wake wawili wakubwa, Pepsi Bottling Group na PepsiAmericas, kwa dola bilioni 7.8. Oktoba mwaka huo Coca-Cola ikachukua shughuli za Amerika ya Kaskazini za Coca-Cola Enterprises kwa zaidi ya dola bilioni 12, madeni yakiwemo. Nooyi kwa kufanya hivyo alirudisha nyumbani kile kilichotolewa 1999 yeye akiwa mkuu wa mikakati. Kuubadili uamuzi uliohusika nao si jambo dogo, na wengi hung'ang'ania ya zamani hadi kampuni inakufa.

Baada ya hapo njia zikaachana. PepsiCo ilibaki na wajazaji wake, kwa kuwa malori yaleyale na wanunuzi walewale wa maduka makubwa yaliweza kuhesabiwa pamoja na krispi. Kent aliwachukua, akapanga upya maeneo, mifumo ya oda na bei ya kiini, na kuanzia 2013 akaanza kuwauza tena kipande kipande kwa wajazaji waliokuwa na nguvu. Zoezi lilikamilika Marekani Novemba 2017, miezi michache baada ya yeye kumkabidhi James Quincey. Wafanyakazi wa Coca-Cola walitoka 150,900 mwishoni mwa 2012 hadi karibu 62,000 mwishoni mwa 2017. Mapato yalishuka kutoka dola bilioni 48 hadi 35.4 katika muda huohuo.

Msomaji wa haraka atasema Kent alifeli, maana PepsiCo ilipanda kutoka dola bilioni 35 mwaka 2006 hadi 63.5 mwaka 2017. Hesabu hiyo inalinganisha gunia la mahindi na debe la unga. Mapato ya mjazaji ni makubwa na faida yake ni nyembamba. Mapato ya kiini ni madogo na faida yake ni nene. Ukiuza malori lazima mapato yashuke. Ukitaka kuwapima sawasawa, angalia faida ya uendeshaji kwa kila dola ya mauzo na mtaji uliofungwa, acha mapato.

Kwetu mfano wa fikra ya Kent unaonekana mtaani, ingawa haukuwa uvumbuzi wake. Vituo vidogo vya usambazaji vya Coca-Cola vilianza majaribio Addis Ababa mwaka 1999, vikaenea Tanzania, Kenya na kwingine: mtu mmoja ana ghala dogo, anapewa eneo la maduka, anasukuma kreti kwa mkokoteni au guta mahali ambapo lori haliwezi kupita. Uswahilini, hakuna mkakati wa makao makuu unaoshinda guta.

Walipokosea

Nooyi alikosea zaidi upande wa chapa. Januari 2009 boksi la Tropicana lilibadilishwa Marekani: chungwa lenye mrija likaondolewa, ikawekwa picha ya glasi ya juisi. Wateja hawakuliona rafuni, wakadhani ni juisi ya bei nafuu ya dukani. Ndani ya wiki saba hivi mauzo yalishuka kwa takriban asilimia 20, na Februari hiyohiyo kampuni ikatangaza kurudisha boksi la zamani. Kosa ni la kiufundi: waliondoa alama ambayo jicho la mnunuzi huitafuta kwa sekunde mbili, tena mara moja nchi nzima, bila kujaribu mkoa mmoja kwanza. Mwaka 2010 Pepsi iliacha kutangaza kwenye Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, na fedha zikaelekezwa kwenye ruzuku za miradi ya jamii. Mwaka huohuo Pepsi iliteremka hadi nafasi ya tatu Marekani, nyuma ya Diet Coke. Mwaka 2012 ikabidi bajeti ya matangazo iongezwe kwa dola milioni 500 hadi 600, huku ajira 8,700 zikikatwa.

Hoja yake kubwa, kwamba kampuni ipange bidhaa zake kuanzia zile za kujifurahisha hadi zile zenye lishe na kuhamishia mtaji kwenye hizi za pili, ilikuwa sahihi kwa kuangalia mbele. Ila inahitaji jiko la zamani liendelee kuwaka wakati jipya linajengwa, na hapo ndipo alipokawia.

Kent alikosea kwa kuahidi ujazo. Mpango wake wa 2009 ulilenga kuongeza maradufu mapato ya mfumo mzima, kampuni na wajazaji pamoja, ifikapo 2020. Uliwaunganisha wajazaji vizuri, maana walishiriki kuuandika, lakini ulitegemea kwamba soda itaendelea kukua. Sukari ikawa adui wa umma, Mexico ikaweka kodi ya peso moja kwa lita kuanzia 2014, na lengo halikufikiwa. Kabla ya hapo, Machi 2009, China ilimzuia kununua kampuni ya juisi ya Huiyuan kwa dola bilioni 2.4. Kwenye mashine za kutengenezea soda nyumbani mambo yalikuwa ya ajabu: alinunua asilimia 10 ya kampuni ya Keurig mwaka 2014, mashine ikafa sokoni 2016, lakini hisa zikauzwa kwa bei ya juu kuliko aliyonunulia. Siyo kila siku mtu anakosea bidhaa akapata fedha.

Wenye hisa na wenzako wa kazini

Mwaka 2013 mwekezaji Nelson Peltz alitaka PepsiCo itenganishe krispi na vinywaji. Nooyi alikataa, akajibu kwa hesabu ya wanachookoa wakinunua na kusambaza pamoja, akakubali Januari 2015 mtu mmoja aliyependekezwa na Peltz aingie bodini, na Peltz akauza hisa zake 2016. Kent mwaka 2014 alileta mpango wa kuwalipa watendaji kwa hisa. Mwekezaji David Winters akaupinga hadharani, Warren Buffett akajizuia kupiga kura, na ingawa ulipita, Oktoba hiyo kampuni iliupunguza. Nooyi alikuwa na namba kabla ya mgeni kubisha hodi. Kent alizitafuta mgeni akiwa sebuleni. Kwenye eneo hili hatuoni ubishi, mfuate Nooyi.

Mfuate pia kwa jambo moja la utu. Alipochaguliwa 2006, aliyekuwa akishindana naye ni Michael White, mkuu wa biashara ya kimataifa. Alipanda ndege hadi Cape Cod, White alikokuwa likizo, akamuuliza anahitaji nini ili abaki. White alibaki hadi 2009. Meneja wengi wakishinda cheo humwacha aliyeshindwa aondoke na wateja wake.

Basi uchague yupi

Chukua taarifa ya mauzo ya miezi 12. Ikiwa bidhaa yako kuu bado inapendwa na tatizo ni kwamba haipatikani, yaani maduka yanaishiwa Ijumaa, kreti hazirudi, mawakala wanauza maeneo ya wenzao, iga Kent. Omba ruti kwa miezi sita kabla ya kuomba ofisi, na ukipata nafasi ya kufanya kazi kwa wakala au mjazaji miaka miwili mitatu, nenda hata kama cheo kinaonekana kidogo. Mtu wa makao makuu asiyewahi kudaiwa kreti hawezi kujadili bei na wakala.

Ikiwa bidhaa inapatikana kila kona lakini wanaoinywa wanapungua, kuongeza malori ni kuongeza gharama. Hapo unamtaka Nooyi: mtu wa kuhesabu kila bidhaa inafunga mtaji kiasi gani, wa kuthubutu kufuta na kununua. Mpe mwaka wa kwanza asiguse lebo ya bidhaa inayouza, na kila badiliko la pakiti lijaribiwe mkoa mmoja kwa miezi miwili.

Mwenye kiwanda kidogo kwa kawaida hawezi kuwaajiri wote wawili. Ushauri wetu, na wengine hawataupenda, ni aanze na mtu wa lori. Kampuni changa hufa kwa mali kauli mapema kuliko inavyokufa kwa mkakati mbovu.

Waliowarithi, James Quincey na Ramon Laguarta, wote waliingia kampuni zao mwaka 1996, na kila mmoja akashika chombo cha upande wa pili. Agosti 2018 Coca-Cola ya Quincey ilikubali kununua mikahawa ya Costa kwa pauni bilioni 3.9, biashara ya majengo na vikombe ambayo PepsiCo ingeikimbia. Laguarta mwaka 2021 alitangaza kuuza sehemu kubwa ya Tropicana na juisi nyingine kwa takriban dola bilioni 3.3, kiasi kilekile ambacho Tropicana peke yake ilinunuliwa nacho mwaka 1998.